Kasoro ya Kilohezi Tatu

Nimechoka kusifiwa kwa kazi ile. Mpaka leo watu wananifuata Keko, wanaruka magogo na vumbi la randa, wanamuulizia yule mama fundi aliyeisafisha redio ya mzee wa Kinondoni mpaka ikatulia kama msikiti baada ya sala. Ninawaambia ni mimi. Ninapokea kazi zao, maana watoto hawali haya, na nyumba yangu ya Chanika bado haijaezekwa upande mmoja. Lakini kila nikisikia sifa hiyo moyo unanishuka. Nimeona bora niandike ilivyokuwa, mzigo huu niutue mahali.

Meza yangu iko ndani ya karakana ya marehemu baba. Alitoka Newala na patasi zake, akatengeneza vitanda na makabati hapa kando ya barabara mpaka mgongo ulipokataa. Kaka zangu wanaendelea na mbao. Mimi nimekaa dirishani na spika za baa, vipaza sauti vya misikiti na makanisa, na redio za wale wachache ambao bado wanazo. Baba alikuwa na desturi moja, nayo ni ya mafundi wengi wa Keko wa rika lake: kiti kikiletwa kwa mguu mmoja, hakiondoki mpaka miguu yote minne imekaguliwa. Kasoro uliyoiona huirudishi kwa mwenyewe, hata kama hakuitaja, hata kama hakulipi. "Fundi anayeona ufa akanyamaza ni mwizi," alikuwa akisema, na sisi watoto wake tulilijibu neno hilo kama tunavyojibu "amina". Sikujua kwamba siku moja litanifanya nimfukie mtu aliye hai.

Mambo ya redio alinifundisha mzee mwingine. Alikuwa Mwarabu wa hapa hapa, ukoo wao una maduka Kinondoni tangu enzi za babu zao, na duka lake yeye lilikuwa la vipuri vya redio. Nikiwa darasa la sita baba alinituma huko kununua waya wa risasi wa kuchomelea redio yake ya karakanani, nikaganda kaunta nikitazama visanduku vyake vidogo vidogo vyenye vitu vya rangi rangi. Hakunifukuza. Alinifundisha kusoma zile rangi, kila moja na namba yake, kama anayemfundisha mtoto alifu na be, kisha akanifundisha kushika chuma cha moto bila kuunguza nilichokuja kukiponya. Nilimwita baba, na baba yangu hakuona wivu.

Chumbani kwake nyuma ya duka palikuwa na redio ya kurusha na kupokea. Ni zile redio za ridhaa, za watu wenye leseni wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, bila biashara wala matangazo. Kila Ijumaa baada ya Asri alivua kofia, akavaa vile vifuniko vya masikioni, akazungusha kitasa mpaka kwenye namba iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya redio, akamwita mdogo wake aliyeko Maskati. Mdogo mtu alihamia huko akiwa kijana na redio yake kwapani. Waliongea mambo ya kawaida kabisa. Joto la huku, joto la huko, jino lililong'oka, halua iliyozidi iliki. Mmoja akimaliza alisema "ova", mwenzake akaanza. Siri hawakusema, kwa kuwa hewani kila mwenye masikio anasikia.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asipige simu tu kama watu wengine. Akacheka kidogo bila furaha. Watoto wake na watoto wa mdogo wake waligombana juu ya kuuzwa kwa nyumba ya babu yao, wakatukanana simuni mpaka wakafungiana namba. Wazee wenyewe hawakugombana, lakini simu zilikuwa mikononi mwa watoto. Tena yule wa Maskati macho yalikuwa yamezima, simu ya kioo haikumfaa. Redio aliijua kwa vidole: kitufe kimoja cha kuwasha, kimoja cha kumleta kaka yake. "Huku hewani," mzee aliniambia, "hakuna mtoto wa kutukatia." Nikaelewa kwamba redio ile ikifa, ndugu wale wawili ndio wamekwisha kuagana.

Nayo ilikuwa inakufa, si yenyewe bali mtaa ulikuwa unaiua. Kila nyumba ilitia taa hizi nyeupe za bei rahisi, kila mtu ana chaja tatu ukutani, na baa ya jirani ilipanga televisheni kubwa kama wanauza. Vitu vyote hivyo vinavuma hewani, hata kama sikio letu halisikii. Redio inasikia. Na masikio ya mzee nayo yalishaanza kwenda. Akaniita.

"Mwanangu, ndugu yangu anazama."

"Anazama wapi, baba?"

"Kwenye kelele. Katika maneno matano nashika moja. Nipunguzie kelele, hilo tu."

Hilo tu. Ninayakumbuka maneno hayo kila siku, maana hakusema zaidi.

Niliagiza kichujio kipya, nikakingoja miezi miwili. Kichujio ni dirisha la redio: likiwa pana, sauti ya mtu inaingia na kelele za mtaa zinaingia pamoja naye. Cha zamani kilikuwa kipana kama mlango wa godauni. Kilipofika hicho chembamba nikaichukua redio Jumamosi, nikiahidi kuirudisha Alhamisi, ili Ijumaa isipite bure. Siku tano zile nilizifanya kwa taabu. Kaka zangu wakipiga randa, vumbi linaingia kila mahali, basi nikawa nasubiri wapumzike ndipo nifungue sanduku. Wakipumzika, mgongo wangu nao unataka kupumzika. Nilitoa mayai ya mende, nikang'oa vihifadhi umeme vilivyovimba, nikavaa miwani miwili kwa pamoja ili nione miguu ya kichujio, nikachomea, nikakosea, nikang'oa, nikachomea tena. Waya wa umeme niliuzungushia vipete vya kuzuia mvumo. Jumatano jioni niliiwasha, ikatulia. Nilikaa nikiisikiliza ilivyotulia, na mwili wote ukaniuma kwa uchovu.

Ningeifunga pale pale. Lakini nilikuwa mtoto wa baba yangu, nikakagua miguu iliyobaki. Nikaipima namba zake, nikakuta redio inasema uongo. Kioo kilionyesha namba moja na yenyewe iko mahali pengine, kilohezi tatu, vipimo vya mawimbi, pembeni. Kwa asiyejua, ni sawa na mtu kukwambia anakaa nyumba ya tatu kumbe anakaa ya sita. Lazima ilikuwa hivyo kwa miaka na miaka, kidogo kidogo, kama saa ya ukutani inavyoachwa nyuma. Ndani kuna skrubu ndogo ya kurekebishia. Niliizungusha robo mzunguko, namba ikakaa sawasawa. Nilijisikia vizuri. Sitaficha, nilijisikia vizuri sana, nikasema moyoni, mzee hakuliona hili, na mimi sikumwibia.

Alhamisi nikampelekea. Alipoiwasha alidhani haijawaka. Kisha akapita kwenye stesheni ya mbali, sauti ya mtu asiyemjua, kavu na safi, na mzee akashika kichwa. "Allah! Mwanangu, umenirudishia masikio." Akakigeuza kitasa mpaka kwenye namba ya kwenye karatasi, akaiacha hapo kwa ajili ya kesho. Binti yake akaniletea juisi ya ukwaju. Nilirudi Chanika nikiwa nimechoka na nimefurahi, na niliamini vyote viwili nimevipata kwa haki.

Ijumaa ile mdogo wake hakuitika. Mzee alinipigia kwa simu ya binti yake, nikamwambia mawimbi yana siku zao, anga likigoma hakuna fundi. Ijumaa ya pili hakuitika. Nikamwambia labda umeme wao umekatika. "Maskati?" aliuliza, nami nikamuaga. Ijumaa ya tatu hakunipigia kabisa. Nilipaswa kwenda. Kutoka Keko mpaka Kinondoni si safari ya kumshinda mtu, lakini nilikuwa na kazi za watu mezani, miguu imevimba, na jioni Chanika inaningoja na giza lake. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Uvivu wa mtu aliyechoka una sababu nzuri siku zote.

Jumatano binti yake akapiga simu. Ni wa rika langu, tumekua pamoja.

"Sista, Ijumaa baada ya Asri tuna hitima. Mzee anamsomea ami wa Maskati."

"Amefariki? Lini?"

"Hatujui. Haitiki hewani wiki ya tatu hii. Mzee kakata shauri."

"Si mngepiga simu?"

"Tumpigie nani? Wale walishatufungia. Mie nimejaribu kwa namba ya jirani, mtu kasikia sauti yangu tu kakata. Ushaona ishu ilivyo? Wewe njoo tu."

Nilikwenda. Wanaume walikuwa uani juu ya mikeka, wanawake tuko barazani, mlango wazi katikati. Kisomo kikaisha, pilau likapakuliwa. Ndipo nikamsikia mzee akiwaeleza waliomzunguka. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko mimi.

"Zamani ningesema pengine anaita na simsikii, kelele zimezidi. Lakini wallahi fundi wangu kaitengeneza redio haina hata mchakacho mmoja. Angekuwepo, ningemsikia hata akipumua. Kwa hiyo najua."

Wanawake wakanigeukia. Mmoja akanigusa goti, akasema hongera, mwanamke fundi, Mungu akuzidishie. Kazi yangu ndiyo iliyokuwa shahidi wa kifo kile. Hapakuwa na simu, hapakuwa na barua wala mtu aliyeona maiti. Palikuwa na redio safi niliyoitengeneza mimi, nayo ilikuwa imenyamaza.

Nikaikumbuka skrubu. Nilikumbuka vidole vyangu vikiizungusha robo. Ndugu wale wawili walikuwa wakikutana miaka yote mahali ambapo kioo kilipataja kwa jina lisilo lake. Yule kipofu hakugusa namba. Kitufe chake kilimpeleka pale pale walipozoea. Mimi nimemhamisha kaka yake nyumba tatu mbele bila kumwambia mtu, kisha nikaziba madirisha kwa kichujio chembamba ili asisikie mtu akigonga kule nyuma. Wangeweza kuitana mpaka kiama.

Niliweka sahani chini, nikanawa, nikaingia chumbani. Redio ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe. Niliifunua, nikaiwasha, nikarudisha kitasa nyuma kilohezi tatu. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu sauti ya yule wa Maskati ikaja, pole pole, Kiswahili cha Kinondoni ya zamani, ikimtaja kaka yake kwa jina, ikisema ova, ikingoja, ikirudia. Hakuita kama mwenye matumaini. Aliita kama mtu anayefagia uwanja wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Nilimfuata mzee uani. Alinikasirikia. "Watu wanamsomea ndugu yangu, nawe waniita redioni?" Sikuweza kueleza, machozi yalikuwa yameshanitangulia, nikamshika mkono tu. Aliingia kwa mkongojo, nikamketisha, nikamvisha vifuniko vya masikioni na kuacha spika ndogo wazi. Alisikia. Akasahau kubonyeza, nikambonyezea.

"Ndugu yangu," alisema. "Ni mie. Ova."

Kutoka ng'ambo: "Mie nani?"

"Mie. Kaka yako. Ova."

"Kaka yangu nimemswalia sala ya ghaibu Ijumaa iliyopita. Safu tatu za watu nyuma ya imamu. Nimebaki kumwita kwa mazoea ya kidole tu. Ova."

"Basi na mie leo nimekusomea hitima. Watu wako uani wanakula pilau lako. Ova."

Nikainama kukagua kitasa, nikidhani nimeharibu kingine tena.

"Nyama gani? Ova."

"Mbuzi."

"Umeniheshimu," ilisema sauti ya Maskati, kisha ikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho. Mzee naye alikuwa analia waziwazi kama mtoto. Nilitoka nikakaa ukumbini na kuwaacha. Wageni wakauliza kuna nini. Mzee alipochungulia mlangoni aliwaambia, "Kuleni, kuleni. Mwenyewe kasema kaipokea."

Walipokwisha kuondoka nilimweleza yote. Nilimwambia kuhusu skrubu na robo mzunguko, na kwamba hakunituma. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Hakutukana. Alisema wiki tatu si haba kwa watu wa umri wao, na neno hilo likaniingia kuliko tusi lolote. Nikamwambia kurekebisha ni rahisi, nitabandua ile karatasi niandike namba mpya, ya kweli. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Hii kaandika yeye. Alipokuja mara ya mwisho, macho bado yanaona. Irudishe redio ilivyokuwa."

"Itakuwa inasema uongo, baba."

"Imesema uongo miaka yote, na tulikutana."

Nikafungua sanduku palepale juu ya kitanda chake, nikaitafuta ile skrubu, nikairudisha robo. Sijawahi kufanya kazi iliyoniuma kama ile, kuirudisha kasoro mahali pake kwa makusudi na kuhakikisha imekaa vizuri. Kabla ya kufunga niliandika kikaratasi nikakibandika ndani ya kifuniko kwa ajili ya fundi yeyote atakayekuja baada yangu: Usisahihishe namba. Kuna mtu anangoja hapa.

Tangu siku ile nilikwenda kila Ijumaa, nimechoka nisichoke. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuwasikia wakiongea joto na iliki. Kichujio changu kilifanya kazi yake vizuri, hilo nitalisema. Mzee alishika maneno yote matano. Walikuwa wakitaniana kwa "marehemu". Marehemu umeamkaje? Marehemu nashukuru. Ilidumu miezi kadhaa, nikaanza kudhani nimesamehewa hata na mimi mwenyewe.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo hakuna aliyeitika. Mzee aliita mara tatu, akaniangalia. Nilisogea mezani, nikazungusha kitasa mbele kilohezi tatu, nikarudi nyuma tatu, nikaenda mbele sita. Nilipekua kila nyumba ya mtaa ule. Redio ilikuwa safi kabisa, na mimi niliomba kwa dhati ya moyo wangu ile kelele ya zamani irudi, taa za majirani, chaja, televisheni za baa, chochote ambacho kingemfanya mzee aweze kusema, ndugu yangu yumo humo ndani, ila simsikii. Nilikuwa nimeiondoa yote kwa mikono yangu.

"Acha, mwanangu," mzee alisema. "Hitima yake tulishaisoma."

Tukakaa. Adhana ya Magharibi ilikuwa bado. Simu ya binti yake ikalia ukumbini, naye akaja nayo mpaka mlangoni akiitazama kama kitu kilichookotwa. Namba ilikuwa ngeni, ya Maskati, simu ya kwanza kutoka huko baada ya miaka. Hakujua aipokee au aikate, kidole chake kikabaki hewani.

Mzee alivua vifuniko vya masikioni, akaizima redio yeye mwenyewe.

"Pokea," akamwambia. "Ni ndugu zako."